Jinsi ya kukusanya saa na kumbukumbu za safari za kwanza za anga, kuanzia bahasha ya Malindi

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha Friendship 7. Alipopita juu ya mwambao wetu, sauti iliyompokea redioni ilitoka Zanzibar, kwenye kituo ambacho Wamarekani walikuwa wamekijenga Tunguu kwa ajili ya kufuatilia safari zao za mwanzo. Mkononi, juu ya vazi lake la angani, Glenn alikuwa amefunga saa ya Heuer ya kupimia muda. Miaka miwili baadaye yakaja Mapinduzi, na kituo kikafungwa mwaka huohuo wa 1964.

Mimi niliingia kwenye ukusanyaji kwa mlango wa Tunguu. Nilitaka kushika kitu chochote kilichogusana na siku zile, nikajikuta nasoma habari za saa, bahasha, picha na medali mpaka usiku wa manane. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu mwenye kipato cha kawaida, anayekaa Dar, Mombasa, Bujumbura au Muscat, ambaye hana mtu wa kumuuliza. Jambo moja nitalirudia kila hatua kwa sababu limenigharimu: kwenye kazi hii unalipia ushahidi. Saa mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina bei ya pikipiki na nyingine ya jengo zima la ghorofa, na tofauti yao iko kwenye karatasi na historia inayozifuata.

Hatua ya 1: Chagua safari moja

Usianze kwa kukusanya "vitu vya anga". Utamaliza pesa kwenye takataka. Chagua kitu chembamba: safari ya Gagarin, mtu wa kwanza angani, ya 12 Aprili 1961, au Apollo 11, iliyofikisha watu wa kwanza mwezini, au roketi za San Marco zilizorushwa karibu na Malindi, au stempu peke yake. Ukishachagua, soma mpaka uzijue tarehe zake kwa kichwa. Karibu kila kitu bandia nilichowahi kukikamata, nilikikamata kwa tarehe.

Hatua ya 2: Jua kitu kiko daraja gani

Wakusanyaji hugawa vitu kwa namna hii. Daraja la juu ni kitu kilichofika mwezini kabisa, juu ya udongo wake. Chini yake ni kilichozunguka mwezi bila kushuka, kisha kilichozunguka dunia tu. Baada ya hapo ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya safari lakini kikabaki ardhini, mfano vifaa vya mazoezi. Halafu ni kitu cha aina ileile na cha miaka ileile, ambacho mtu yeyote angeweza kukinunua dukani wakati ule. Mwisho kabisa ni ukumbusho uliotengenezwa baadaye.

Wengi wetu tutaishi kwenye madaraja mawili ya mwisho, na hakuna aibu hata kidogo. Hatari ni kuuziwa cha chini kwa jina la cha juu.

Tazama mifano miwili ya bei. Mwaka 1971, kwenye Apollo 15, kioo cha saa ya Omega ya David Scott kilichomoka, naye kwenye matembezi yake ya tatu ya mwezini akavaa kronografu (saa ya mkono yenye kipima muda) ya Bulova iliyokuwa mali yake binafsi. Saa hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa dola milioni 1.625. Saa ya Seiko ya William Pogue, iliyokaa angani siku 84 kwenye Skylab, kituo cha anga cha Marekani, lakini haikufika mwezini, iliuzwa mwaka 2008 kwa dola 5,975. Zote mbili ziliruka, zote mbili zilikuwa mali halali ya wanaanga wenyewe.

Neno hilo la mali halali lina uzito. Saa za Omega ambazo NASA, shirika la anga la Marekani, iliwapa wanaanga wa Apollo zilikuwa mali ya serikali ya Marekani. Mtu akikuletea Speedmaster, yaani Omega ya aina hiyo, akasema "hii ilikwenda mwezini", asikuonyeshe saa kwanza. Akuonyeshe ilitokaje mikononi mwa serikali.

Hatua ya 3: Anza na karatasi

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pengine popote. Karatasi ni rahisi kununua, haihitaji fundi, inatumwa kwa posta ya kawaida, na sisi wa huku tuna zetu.

Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka San Marco, jukwaa la chuma lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Roketi zilikuwa za Kimarekani, aina ya Scout. San Marco 2 ilipaa tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilipaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaiita Uhuru, na kwa jina hilohilo la Kiswahili inatajwa mpaka leo kwenye vitabu vya sayansi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa kila urushaji wa namna hii, wapenzi wa stempu walitengeneza bahasha maalumu zenye mchoro wa roketi upande wa kushoto na muhuri wa posta wa siku ile au siku za karibu yake. Nyingi ziko Italia na Ujerumani, na si ghali. Ukipata moja, ikague hivi.

Anza na muhuri. Lazima ukanyage stempu na bahasha kwa pamoja, na duara lipite kutoka stempu kwenda kwenye karatasi bila kuruka. Jina la posta na tarehe visomeke. Muhuri uliopigwa ukakaa pembeni peke yake hauthibitishi kwamba stempu ilikuwepo siku ile.

Halafu tazama stempu yenyewe. Stempu za Kenya zenye picha za makombe ya baharini zilitoka Desemba 1971. Ukiziona kwenye bahasha inayodai ni ya Desemba 1970, iweke chini uondoke. Stempu unazotarajia kwenye bahasha ya 1970 ni zile za Kenya za kabla ya makombe, au zile za ushirika zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Nilipoielewa hesabu hii kwa mara ya kwanza nilifurahi kweli, kwa sababu mtengenezaji wa bandia aliyeko mbali hajui habari za makombe yetu, na sisi tunazijua.

Baada ya bahasha, nenda kwenye picha. Picha za NASA zilizochapwa wakati wenyewe, miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, zina thamani kuliko nakala za baadaye. Zile za rangi zinazotafutwa sana zina namba ya picha iliyochapwa kwa wekundu kwenye kona ya juu kushoto, na nyuma yake, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, utaona maneno "A Kodak Paper" yakijirudia kwa mshazari na kwa rangi hafifu. Chukua lenzi utazame anga jeusi la picha. Ukiona vitone vidogo vya rangi kama mchanga, hiyo imetoka kwenye printa ya kompyuta. Picha ya kweli ya wakati ule haina vitone, rangi zake zimeyeyukiana.

Kama utanunua moja tu, tafuta ile ya dunia nzima iliyopigwa na Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972. Bara linaloonekana ni letu. Pembe ya Afrika, Rasi ya Arabuni, Madagaska, na mwambao mzima kutoka Lamu hadi Msumbiji viko hapo chini ya mawingu.

Stempu ndizo mlango wa bei nafuu kuliko yote. Burundi na Rwanda zilitoa stempu za kufika mwezini, na falme ndogo za Ghuba kama Ajman na Fujairah zilichapa nyingi kupita kiasi, kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Ni nzuri kwa mtoto anayeanza, ila usizihesabu kama akiba ya fedha.

Na kama una jamaa Kinshasa, mwombe awaulize wazee. Armstrong, Aldrin na Collins walipita hapo Oktoba 1969 katika ziara yao ya kuzunguka dunia baada ya kurudi kutoka mwezini. Magazeti ya wiki ile, kadi za mialiko, picha zilizopigwa barabarani, vitu hivyo hukaa chini ya magodoro mpaka siku nyumba inahamwa, kisha huchomwa.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza isiwe Omega

Najua unaitaka Omega. Subiri. Nunua kwanza saa ambayo ukikosea hutalia.

Seiko ya namba 6139, yenye uso wa dhahabu, ndiyo familia ya ile ya Pogue. Aliinunua mwenyewe, akafanyia nayo mazoezi, kisha akaenda nayo Skylab mwezi Novemba 1973 bila idhini rasmi, ikiwa mfukoni mwa vazi lake. Ndiyo kronografu ya kwanza ya kujijaza yenyewe inayojulikana kufika angani. Uzuri wake kwa mkusanyaji ni kwamba inajisema umri. Geuza nyuma, soma namba ya tambulisho: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Ikianza na 24, ilitengenezwa Aprili 1972. Zingatia uso: nyuso mpya za bandia zimejaa sokoni, na mara nyingi maandishi yake ni manene na hayana ukali wa yale ya kiwandani. Pia jaribu ile pete ya ndani ya rangi ya njano. Inatakiwa izunguke unapozungusha kifundo cha kutia majira. Kwenye saa nyingi imeshakwama.

Upande wa Warusi kuna mbili. Sturmanskie ilitengenezwa na Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow kwa ajili ya marubani wa jeshi la anga, haikuuzwa madukani, na ndiyo aliyokuwa nayo Yuri Gagarin kwenye safari yake ya dakika 108. Kwa sababu haikuuzwa madukani, na kwa sababu jina la Gagarin limebandikwa kwenye saa nyingi za ukumbusho za miaka ya baadaye, sishauri mwanzo wako uwe hapo. Ya pili ni Strela, kronografu yenye mashine ya namba 3017, aina inayohusishwa na Alexei Leonov aliyetoka nje ya chombo tarehe 18 Machi 1965, binadamu wa kwanza kufanya hivyo.

Strela ndiyo iliyonifundisha. Niliagiza moja kwa muuzaji wa ng'ambo, tangazo likisema ni ya 1965, "kama ya Leonov". Ilipofika niliivaa siku tatu, halafu nikaipeleka kwa fundi wangu Kariakoo aisafishe. Mzee huyu hana habari na mambo ya anga. Nilimwamkia, akaipokea, akavalisha lenzi jicho moja, akakaa kimya muda.

"Mwanangu, umesema ya mwaka gani?"

"Sitini na tano, mzee."

"Hebu hesabu kile kiduara cha dakika kinaishia ngapi."

Kilikuwa kinaishia 30. Mashine ya 3017 ina kiduara cha dakika 45. Akafungua kifuniko cha nyuma, akanigeuzia meza ile ndogo yenye kitambaa cha kijani ili mwanga wa taa uingie. Karibu na kile kigurudumu kinachocheza huku na huku, kwenye bati, ilikuwa imepigwa namba 3133. Hiyo ni mashine nyingine, iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Saa yenyewe haikuwa mbovu, ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Ila mwaka wake ulikuwa wa uongo, na mimi nililipia mwaka. Muuzaji hakujibu barua zangu.

Tangu siku ile nina sharti: sinunui saa yoyote ya kale bila kutumiwa picha ya mashine ikiwa wazi, iliyopigwa siku hiyo, na kipande cha karatasi chenye jina langu pembeni yake. Muuzaji mwaminifu hachukii. Anayesema saa haifunguki, mwachie.

Hatua ya 5: Ukifika kwenye Speedmaster

Omega Speedmaster ilitoka 1957 kama saa ya madereva wa mashindano. Mwanaanga Wally Schirra aliivaa ya kwake binafsi angani Oktoba 1962. Baadaye NASA ikatafuta kronografu za kampuni kadhaa na kuzitesa: siku mbili kwenye joto la nyuzi 71, kisha nusu saa kwenye 93, saa nne kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mitikisiko, unyevu, utupu. Speedmaster ilibaki inatembea, na tarehe 1 Machi 1965 ikapitishwa. Kwenye Apollo 11, Armstrong aliiacha ya kwake ndani ya chombo kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika. Hivyo iliyovaliwa juu ya udongo siku ile ni ya Aldrin, ambayo baadaye ilipotea ikiwa njiani kupelekwa makumbusho na haijapatikana.

Ukipewa saa mkononi, fuata mpango huu bila kuharakishwa. Wanaokuharakisha wana sababu.

Tazama kioo kwanza. Kioo halisi cha miaka ile ni cha plastiki ngumu, na katikati yake kabisa kuna alama ya Omega ndogo kuliko punje ya mtama. Inamisha saa chini ya taa, usogeze lenzi polepole. Alama inajitokeza kwa sekunde moja halafu inapotea. Kioo kubadilishwa si kosa, vioo hivyo huchubuka na mafundi huvibadilisha, lakini bei ishuke.

Kisha pete nyeusi ya nje yenye tarakimu za mwendokasi. Tafuta 90. Kwenye saa za kabla ya takriban 1970, kitone cha pembeni mwa 90 kimekaa juu, karibu na kichwa cha sifuri. Kwenye za baadaye kimeteremka kikawa ubavuni. Pete hiyo ya zamani peke yake ina bei kubwa, na ndiyo maana wezi na wajanja huihamisha kutoka saa moja kwenda nyingine.

Kifuniko cha nyuma kinasema mengi. Maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba hii ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini yalianza baada ya Julai 1969, kwa sababu ambayo haihitaji maelezo. Ukiambiwa saa ni ya 1966 na maandishi hayo yapo nyuma, kifuniko kimetoka kwenye saa nyingine. Ndani ya kifuniko kuna namba ya muundo: 105.003 ni umbo la miguu (pale mkanda unaposhikiliwa) iliyonyooka, kama ile ya Ed White aliyetoka nje ya Gemini 4 tarehe 3 Juni 1965, 105.012 na 145.012 zina miguu iliyopinda na ubavu wa kulia ulionenepa kulinda vifundo. Mashine ya miundo hiyo mitatu iwe 321, yenye rangi ya shaba nyekundu. Kuanzia muundo wa 145.022, mashine ni 861. Namba zisipooana, unaangalia mchanganyiko wa spea.

Mwisho, rangi inayong'aa gizani. Ingia chumbani, zima taa, iwashie ile taa ya zambarau ambayo maduka hukagulia noti bandia, kisha izime. Rangi ya tritiamu ya miaka ya 1960 imeshachoka. Mwanga wake hufa papo hapo. Ikiendelea kung'aa kwa dakika nzima, uso au mishale imepakwa upya. Na mishale na vitone vya uso vizeeke pamoja. Uso uliogeuka rangi ya maziwa ya chai wenye mishale myeupe pee ni saa mbili zilizofungwa ndani ya moja.

Karatasi nayo isikupumbaze. Mwaka 2021 Speedmaster ya kizazi cha kwanza iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kutoka vipande vya saa mbalimbali. Basi cheti kikiwepo, soma cheti, halafu fungua saa.

Hatua ya 6: Saini

Saini ya Armstrong ndiyo inayoghushiwa kuliko nyingine. Aliacha kabisa kuwasainia watu mwaka 1994, hivyo saini "aliyoitoa mwaka 2003 uwanja wa ndege" ikatae hapohapo. Tatizo la pili ni mashine za kusaini, ambazo ofisi za wanaanga zilitumia kujibu maelfu ya barua. Kalamu ya mashine inakwenda kwa mgandamizo uleule mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi huacha kitone pale inapoanza na inapoishia. Chapisha picha ya saini unayouziwa kwenye karatasi nyepesi, uiweke juu ya saini nyingine ya mtu huyohuyo dhidi ya dirisha. Zikilaliana sawasawa bila kupishana hata unywele, ni mashine. Hakuna mkono wa mtu unaosaini namna hiyo mara mbili.

Zenye heshima zaidi ni zile bahasha ambazo wanaanga wa Apollo walizisaini kabla ya kuondoka na kuziacha kwa familia zao, ili wasiporudi, wake na watoto waziuze. Ni ghali. Mimi sina, na nikiiona picha yake huwa nanyamaza kidogo.

Hatua ya 7: Usichopaswa kukigusa

Mawe na udongo wa mwezini ulioletwa na Apollo ni mali ya serikali ya Marekani. Sheria ya 2012 iliwapa wanaanga wa miradi ya Mercury, Gemini na Apollo haki ya kumiliki vitu vingi walivyobaki navyo, lakini mawe ya mwezini hayakuingizwa. Vipande vichache vya safari ya Kirusi ya Luna 16 vimewahi kuuzwa kihalali, mwaka 1993 na tena 2018 kwa dola 855,000. Kwa hiyo chembe ya "jiwe la mwezi la Apollo" ndani ya kidonge cha plastiki kwenye tangazo la dola 40 ni ama uongo ama jinai. Kimondo kilichotoka mwezini kikaanguka jangwani ni jambo jingine, hicho huuzwa halali, ila kiwe na hati ya maabara.

Marekani iligawa vipande vidogo vya Apollo 11 kwa mataifa mengi kama zawadi. Ukikutana na kibao chenye bendera ya nchi na vijiwe ndani ya plastiki, hicho ni cha wananchi wa nchi hiyo. Toa taarifa makumbusho.

Hatua ya 8: Kununua kutoka mbali

Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako. Kutuma pesa moja kwa moja kwa mtu usiyemjua ni sadaka. Piga hesabu ya ushuru wa forodha, VAT na usafiri kabla ya kutaja bei yako mnadani, na kumbuka nyumba za minada huongeza asilimia yao juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyofikiwa mnadani. Thamani iandikwe ya kweli kwenye fomu. Kifurushi kilichoandikwa "zawadi, dola 10" kikipotea, utalipwa dola 10.

Mwambie muuzaji avue mkanda wa ngozi ya mamba au mjusi kabla ya kutuma. Ngozi hizo zinahitaji vibali vya kimataifa vya wanyamapori, na saa nzima inaweza kuzuiliwa kwa ajili ya mkanda.

Hatua ya 9: Kutunza katika joto na chumvi ya pwani

Usilaminishe. Nasema kwa uchungu, kwa sababu sisi tumezoea kulaminisha kila cheti, na nimeona bahasha nzuri ya 1967 imepikwa ndani ya plastiki ambayo haitoki tena. Usitumie selotepu wala gundi. Tafuta mifuko ya poliesta angavu. Ile mifuko laini ya PVC yenye harufu huyeyuka taratibu na kunata kwenye wino. Weka kwenye sanduku linalofungika, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uvikaushe vifuko kila baada ya mvua za masika. Sanduku lisikae sakafuni wala ukutani, mchwa hawasomi historia.

Saa ya kale usiende nayo baharini, hata kama nyuma imeandikwa haipitishi maji. Mipira yake ilishakufa. Kama hujui ilisafishwa lini, usiitie ufunguo kila siku kwa furaha. Mafuta yamekauka na meno yanasagana. Na kwa saa za miaka ya 1950, ikiwemo Sturmanskie ya zamani, rangi ya usoni inaweza kuwa ya rediamu, ambayo bado ina mionzi ingawa haing'ai tena. Usiifungue mwenyewe, usiikwangue, usipulize vumbi lake, na mwonye fundi kabla hajaigusa. Usiilaze kando ya kitanda.

Hatua ya 10: Daftari

Nunua daftari gumu. Kila kitu kipewe ukurasa: kilinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani pamoja na ushuru, kilikuja na karatasi zipi, fundi aliona nini ndani, nani alikimiliki kabla. Bandika risiti ya kifurushi. Andika pia mashaka yako. Ile Strela yangu ya 3133 ina ukurasa wake, na juu nimeandika kwa wino mwekundu mwaka wake wa kweli, ili mtu atakayeikuta asidanganywe mara ya pili.

Kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani daftari linakaa wapi, na umfundishe kusoma kurasa mbili tatu. Kwangu ni binti wa dada yangu. Ana miaka kumi na moja, na bahasha ya Uhuru anaijua kwa stempu zake: hazina makombe.